Daftari la Mama wa Uvira

Nilimsifia yule mwanamume mbele ya benchi mbili za wanawake wajawazito, kwa sauti kubwa na mkono kiunoni. "Mnamwona huyu?" nikasema. "Waume wote wangekuwa hivi, sisi waganga tungekosa kazi." Wanawake wakacheka, wengine wakapiga makofi. Yeye akainamisha kichwa kwa haya, akampangusa mkewe vumbi begani. Mkewe hakucheka. Niliona kwamba hakucheka, nikajisemea kimoyomoyo, huyu naye anaringa nini.

Naanza na hilo ili mtu asinidhanie mjanja. Leo nafundisha wauguzi vijana jinsi ya kumtambua mwanamke anayepigwa nyumbani, na wakinisikia wanadhani nilizaliwa na macho hayo. Wapi! Nilikuwa na macho na sikuona, tena nilikuwa na mdomo mrefu juu yake.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya amani. Mimi na mama yangu tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania, tukapita mpaka wa Kobero na magodoro mawili na furushi la masufuria, baada ya miaka mingi ya kambini. Uuguzi nilikuwa nimesomea kulekule, kwa Kiswahili na Kiingereza. Kirundi changu kilikuwa cha kuongea na mama jikoni. Kifaransa changu, we acha tu. Nikapata kazi kwenye kituo kimoja cha afya Muyinga, na siku ya kwanza mkuu wa kituo akanikabidhi kalamu akaniambia hapa kila kitu kinaandikwa Kifaransa. Nikaandika maneno matatu ya kuumwa kichwa, nikakosea yote matatu. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini kabisa.

Basi nikajipangia njia yangu. Kwenye rejista kubwa ya kituo nilinakili Kifaransa cha wenzangu. Lakini kwenye daftari la mgonjwa, ambako nilihitaji kueleza kwa urefu, niliandika Kiswahili changu safi. Mkuu alinigombeza mara mbili, akachoka.

Daftari lenyewe ni la shule tu, watu wa huko wanaliita kaye. Mgonjwa analinunua dukani, muganga, kama wanavyomwita huko hata muuguzi, anaandika humo ugonjwa na dawa, na mgonjwa anarudi nalo nyumbani kwake. Ndivyo tulivyofanya kazi, na ndivyo bado tunavyofanya sehemu nyingi. Nilikuwa naandika kwa hati nzuri, nyembamba, iliyosimama. Nilikuwa najivunia sana hati yangu.

Sasa hao wawili. Mume alikuwa mtoto wa mji, wa familia ya Kiislamu ya mtaa wa Waswahili, inayoishi kwa biashara. Wakati wa vita alikimbilia Uvira, kwa Wakongo, akaoa huko, na amani ilipokuja akarudi na mke na watoto wawili. Alikuwa anachukua sabuni, betri na kandambili Kobero, anauza mjini. Mkewe hakuwa na mtu hata mmoja upande huu, si dada, si shangazi, na sisi kituoni tulimwita mama wa Uvira. Mume tulimwita shemeji. Kila mtu alimwita shemeji, maana alikuwa na neno zuri kwa kila mtu, na hakuja mikono mitupu. Mara ndizi za mlinzi, mara sabuni ya kufulia mashuka.

Mara ya kwanza alimleta mkewe kwa ajili ya sikio. "Muganga, sikio ya huyu mama iko inatoka maji," akasema. "Ni baridi." Nikachungulia. Ngoma ya sikio ilikuwa imepasuka. Nikaandika dawa ya matone na vidonge, nikamwambia asiingize maji. Sikio la kushoto. Anayepigwa kofi na mtu anayetumia mkono wa kulia, sikio la kushoto ndilo linalopasuka. Hili nalijua sasa. Siku ile nilijua baridi tu.

Mara ya pili ilikuwa mkono, mfupa ule wa upande wa kidole kidogo. "Ni kuanguka nilianguka," mama akasema, akitazama sakafu. Mume akamalizia: "Kwenye ngazi." Nikamfunga, nikamtuma hospitali kupigwa picha. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama yangu habari za siku, na mama akaniuliza, hao watu wa mtaa wa Waswahili wanakaa ghorofani? Hawakai. Nyumba zote za mtaa ule zimekaa chini, ukitoka mlangoni uko uani. Mtu anayeanguka hujishika kwa kiganja. Mfupa ule huvunjika pale mtu anapoinua mkono kujikinga uso. Sikulala vizuri, na nilijichukia, maana ilikuwa ni baada ya kumfunga mkono huo, siku ileile, ndipo nilipomsifia mbele ya yale mabenchi.

Mara ya tatu alikuja na mimba ya miezi saba, analalamika tumbo. Mume akaketi kwenye kiti cha ndani kama kawaida yake, akajibu yeye. Analala vizuri? "Analala." Mtoto anacheza? "Anacheza sana." Nikajisemea, leo utanisamehe, shemeji. Nikampa mama kikopo cha mkojo, nikamwambia aende chooni, kisha nikasema naenda kumwonyesha mlango, kwa sababu choo cha wanawake kilikuwa kimebadilishwa. Hakikuwa kimebadilishwa. Tukafika nyuma ya choo, palipokuwa na mashuka kwenye kamba.

"Mume wako anakupiga?" nikamwuliza. Sikujua kuuliza kwa namna nyingine.

"Usiongee kwa nguvu."

"Anakupiga?"

Akafungua kitenge upande. Palikuwa na rangi ya zambarau chini ya mbavu na nyingine karibu na kitovu. "Ni teke," akasema. "Mara mbili. Juu ya chumvi, eti imezidi." Halafu akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu kuliko nilivyotegemea. "Muganga, usiambie mutu."

"Sitamwambia mtu," nikasema.

Na kweli sikumwambia mtu. Niliandika. Walimu wangu walinifundisha kwamba muuguzi anayeona kitu asikiandike ni sawa na asiyeona, na mimi nilikuwa nimechelewa kuona mara mbili, kwa hiyo mara hii nilitaka kuandika vizuri. Nilisubiri mume atoke kwenda kwenye dirisha la dawa, nikaandika kwenye daftari la mama, kwa Kiswahili, ili muuguzi yeyote atakayempokea kesho ajue: Mgonjwa anasema mume wake amempiga teke tumboni mara mbili. Alama zinaonekana. Uchunguzwe pia mkono na sikio la zamani. Nikapiga mstari chini. Nikafunga daftari, nikampa mama, na mama akampa mume alibebe, kwa sababu mume ndiye aliyekuwa na mfuko.

Wenzangu waliandika Kifaransa. Wale wenzangu walionicheka, mgonjwa wao angeweza kuandikiwa lolote na asiwepo mtu mtaani wa kulisoma. Mume huyu Kifaransa hakukijua hata cha salamu. Kiswahili alikisoma vizuri kuliko mimi.

Mara ya nne mume alikuja peke yake. Mchana, kituo kimejaa. Alipita foleni kwa vile alikuwa shemeji, akaketi, akatoa daftari mfukoni na kulifungua kwenye ukurasa wenyewe, akaliweka mbele yangu.

"Muganga, nisaidie," akasema. "Macho yangu mabaya siku hizi. Nisomee hapa."

Nikamwambia nina wagonjwa wengi. Akasema atangoja. Akaweka kidole chini ya mstari wangu wa kwanza. Kidole kilikuwa safi, kucha zimekatwa. Nikasoma. Nilisoma sentensi yangu mwenyewe kwa sauti ambayo sikuitambua, na nilipofika kwenye teke akasema, "Pole pole."

"Anasema," akarudia nilipomaliza. "Nani anasema?"

Nikatazama foleni mlangoni.

"Haya. Mi nilifikiri niko nasoma vibaya." Akauchana ukurasa taratibu, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa shati. "Hati yako nzuri sana, dada." Akatoka, akamsalimia mlinzi, nikamsikia mlinzi akicheka.

Niliwaacha wagonjwa kwenye foleni. Halafu nikaenda kwa mkuu wa kituo, nikamweleza yote. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyeona mengi katika miaka ya vita, na alinisikiliza mpaka mwisho. "Umefanya vibaya," akasema. "Sasa ukienda kule utafanya vibaya zaidi. Mambo ya nyumba ya mtu, binti yangu, waachie wenyewe." Nikamwambia ana mimba ya miezi saba na mimi ndiye nimempeleka kwenye kipigo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilitamani kumrushia ile rejista.

Mama wa Uvira alikuwa na siku yake ya kliniki Jumatano. Hakuja. Alhamisi hakuja. Kila mlango ulipofunguliwa niliinua kichwa. Nilichoma sindano watoto wa watu huku nahesabu: kama amempiga siku ileile, leo ni siku ya tatu. Ijumaa nikabeba kipimo cha presha na sindano ya pepopunda, nikatembea mpaka mtaa wa Waswahili mchana kweupe. Nilichagua saa ya mchana makusudi, nikijua majirani wako barazani na hakuna mwanamume atakayemfukuza muganga mlangoni huku mtaa mzima unatazama.

Msichana wao wa miaka sita alikuwa ameketi kizingitini, amempakata mdogo wake wa kiume. Akanisalimia vizuri, akasogeza miguu nipite. Mume alikuwa ndani. Dada yake mume alikuwa amekaa kwenye kigoda akichagua maharage kwenye ungo. Na mama wa Uvira alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, jicho moja limefungika kabisa, mdomo umevimba mpaka haufungi.

"Alianguka tena," mume akasema. "Huyu mama ni wa kuanguka."

"Nimekuja kwa sindano ya pepopunda," nikasema. "Amekosa Jumatano."

"Choma."

Hakutoka. Alisimama mlangoni, akaziba mwanga. Nikapiga magoti, nikachoma sindano, na kichwani nilikuwa natafuta, Mungu wangu nipe neno, neno lolote. Nikamfunga kipimo cha presha mkononi. Nikapuliza, nikasikiliza. Presha ilikuwa nzuri, ya mtu mzima asiye na tatizo. Mshale wa kipimo ulikuwa mbele ya macho yangu.

"Yesu wangu!" nikasema kwa nguvu. "Mia moja themanini."

Mume akasogea. "Ni nini?"

"Presha imepanda. Shemeji, huyu anaweza kupata kifafa cha mimba saa yoyote. Mtoto atakufa, na mama naye. Leo hii, si kesho." Nikapuliza tena, nikajifanya nasikiliza, nikatikisa kichwa. Nilikuwa sijawahi kudanganya kipimo maishani mwangu, hata kambini pale tulipokuwa tunaombwa kudanganya uzito wa watoto ili wapate uji. "Aende hospitali ya Gitega."

Kwenye mtoto ndipo nilipompata. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa baba mwenye hofu, na hofu ile ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonitia kichaa mpaka leo, kwamba ilikuwa ya kweli.

Nikakimbia kituoni, nikajaza karatasi ya kumhamisha. Kwa Kifaransa, nikinakili kutoka kwenye karatasi ya zamani, neno kwa neno. Mkuu wa kituo alipaswa kuweka sahihi. Akaisoma. Akaangalia namba za presha, akaniangalia usoni. "Kwa nini Gitega?" akauliza. "Hospitali si ipo hapa?"

"Hapa kila mtu anamwita shemeji," nikasema.

Akaisoma tena karatasi. Kisha akaweka sahihi, akapiga muhuri, akainua simu mwenyewe kuita gari ya wagonjwa.

Mume alitaka kupanda. Dereva akamwambia msindikizaji wa mgonjwa wa uzazi ni mwanamke, wodini wanaume hawalali, wewe hujui? Kila mtu anajua. Ni mwanamke anayepika, anayefua, anayelala chini ya kitanda. Basi akamtuma dada yake, akamvuta pembeni akaongea naye huku akimnyooshea kidole. Nilijua amemtuma kutazama.

Tulipokuwa tunamlaza mama kwenye machela akanishika gauni la kazi. "Na batoto?"

"Bibi yao ataitwa, na majirani wapo," nikasema. "Ni siku mbili tu, dada."

Akageuza kichwa. Yule msichana alikuwa amesimama na mdogo wake mgongoni, amemfunga na kitenge vizuri kabisa. Mama akasema kitu, mdomo ule uliovimba haukukitoa. Nikafunga mlango wa gari. Nilikuwa na haraka, na kila dakika niliogopa mume abadilishe mawazo.

Tukapita Karuzi. Wifi yake mama wa Uvira alikuwa amekaa mbele yangu, sufuria ya kupikia kwenye mapaja, ananitazama. Tulipoanza kupita vilima vya Bugendana, watu wanashuka na mizigo ya ndizi kichwani, akafungua mdomo.

"Muganga, mi niliona ule mushale."

Nikashika ukingo wa machela.

"Haukufika kule," akasema. "Nilikuwa nyuma yako. Niliona."

"Utamwambia kaka yako?"

Akatazama nje dirishani. "Mi ndio nitarudi kwake peke yangu," akasema, akaisogeza sufuria mapajani.

Gitega daktari alipima presha, akapima tena, akaagiza mkojo upimwe. Kila kitu safi. Akashika karatasi yangu, na ulimi wake ukawa mkali. "Nani ameandika huu uchafu? Gari ya wagonjwa imetoka Muyinga kwa ajili ya huu uchafu?" Nikasema ni mimi. Akaniuliza kama nimelewa. Nilifungua mdomo kujibu nikaanza kulia, mimi ambaye sikulia hata tulipomzika baba. Wifi ndiye aliyesimama. Aliweka sufuria chini, akasogea kitandani, akafunua kitenge cha mgongo wa mama wa Uvira. Mimi mwenyewe sikuwa nimeuona mgongo. Daktari akaiweka karatasi yangu pembeni. Akavuta kiti, akachukua kalamu, akaandika ukurasa mzima, na mama akalazwa mpaka kujifungua.

Mume alikuja siku ya tatu, walinzi wakamzuia, akapiga kelele getini mpaka polisi wakaja. Akarudi Muyinga, akawachukua watoto wote wawili akawapeleka kwa mama yake huko Gashoho. Kisha akatuma neno kwamba mkewe akikanyaga tena Muyinga watamrudisha kwao kwenye sanduku. Mtoto alizaliwa salama, msichana. Akina mama wa Kikongo wa kanisa moja la pale Gitega walimpa mama chumba, akaanza kuuza unga wa muhogo. Mjini Muyinga mume alisimulia kwamba mkewe amekimbilia kwa mwanamume Gitega, ametupa watoto wake, na watu walimwamini, maana ni nani asiyemwamini shemeji? Mkuu wa kituo aliona sina usalama, akanitafutia uhamisho. Nami nikahamia Gitega.

Hapo, kwangu mimi, hadithi ilikuwa imekwisha, na ilikuwa imekwisha vizuri. Nilianza kuitwa kufundisha. Nilisimama mbele ya wauguzi vijana nikawaambia kuhusu sikio la kushoto, kuhusu mfupa wa kujikinga, kuhusu mume anayejibu maswali ya mkewe. Niliwaambia wasiandike mambo hayo kwenye kaye hata siku moja. Halafu, mwisho, niliwasimulia presha ya uongo, na walikuwa wanapiga makofi. Nilipenda yale makofi. Niliwaambia, nilimwokoa mwanamke.

Miaka sita ikapita hivyo. Siku moja mama wa Uvira akaja kazini kwangu, akasubiri mpaka mgonjwa wa mwisho. Nilimkumbatia, nikampa kiti, nikamwambia amenenepa. Hakucheka.

"Nilienda soko ya Gashoho," akasema. "Nilijifunika. Niliuza nyanya, niliomba mama moja nafasi pembeni yake. Binti yangu alikuja. Yuko mkubwa. Aliniambia shikamoo mama, nyanya ni ngapi."

"Alikujua?"

"Alinunua akaenda."

Nikamwambia pole. Nikamwambia kwamba bora mtoto yu hai, na yeye mama yu hai, na kwamba siku ile ningechelewa...

"Hukuniuliza," akasema.

"Nini?"

"Siku ya kaye hukuniuliza. Nilikuambia usiambie mutu. Siku ya gari hukuniuliza tena. Mi nilikuwa na sauti. Ungeniuliza, unataka kwenda? Ningesema nataka, lakini na batoto. Ungeniuliza, ningekaa siku ingine na ile jicho, nikusanye batoto, tutoke wote." Hakuwa anapiga kelele. Ningependa angepiga kelele. "Yeye alikuwa anaamua, na we ulikuwa unaamua. Mi nilikuwa wapi?"

Nilitaka kujitetea. Nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua hilo, na zilinipanda mpaka masikioni: isingekuwa mimi angekuwa kaburini! Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza, kwa sababu nilimwona jinsi alivyokaa, magoti pamoja, mfuko kwenye mapaja, kama mtu aliyekuja ofisini kuomba karatasi.

"Unataka nifanye nini?" nikamwuliza. Naona haya kusema kwamba ilikuwa mara ya kwanza.

Alikuwa na jibu tayari. Amefungua kesi Muyinga, anataka watoto. Mume amesema mbele ya hakimu kwamba mke aliondoka mwenyewe, mzima, kwa hila, akatupa watoto. Karatasi ya kituo inasema alihamishwa kwa sababu ya presha, na karatasi ya daktari inasema hakuwa na presha; alama za mgongoni mume anasema ni za kuanguka. "Watu wanasema mi ndio nilipanga," akasema. "Uende useme ulidanganya."

Nilifikiria kazi yangu, na nilifikiria mama yangu anayekula kwa kazi hiyo. Nilifikiria wale vijana wanaonipigia makofi. Nikaomba siku moja ya kufikiri, akanipa, akaondoka. Siku hiyo niligombana na kila mtu, mpaka na mwuza maziwa. Kisha nikaenda Muyinga, mahakamani.

Barua ya kunisimamisha kazi miezi mitatu ilikuja baadaye, naitaja hapa nisije nikaonekana naificha. Na mahakama, mwishowe, ilimpa mama wa Uvira watoto wake, wa kiume na binti, wakae naye Gitega, baba awaone likizo. Lakini siku ile hatukujua kitu. Siku ile nilisimama mbele ya hakimu, mume amekaa upande wa pili na shati jeupe, nikasema karatasi ile ni ya uongo, niliijaza mimi, mama huyu hakujua kitu. Hakimu akaniuliza kama ninaelewa kwamba ninajishtaki. Nikasema naelewa. Wifi alikuwepo, amezeeka kuliko umri wake, na meno mawili ya mbele hana. Naye aliomba kusema, akasema ameona mshale.

Tulipotoka nje bibi alikuwa amewaleta watoto, kwa amri ya hakimu. Yule wa kiume alijificha nyuma ya bibi. Binti alikuja mbele, miaka kumi na miwili, mrefu, nywele zimenyolewa kwa ajili ya shule. Alisimama mbele ya mama yake, wakatazamana, hakuna aliyemgusa mwenzake.

"Kwa nini hukurudi?" mtoto akauliza.

Mama wa Uvira alinigeukia mimi, akangoja. Nilielewa kwamba hili nalo alikuwa amenijia kwa ajili yake, na hakuniambia kule ofisini ili nisikatae.

Nikachutama mpaka macho yangu yakawa sawa na ya mtoto. Nilimwambia kwamba mama yake alitaka kuwachukua. Kwamba aliniuliza habari zao akiwa amelala kwenye machela, na mdomo wake umevimba. Kwamba mimi ndiye niliyesema ni siku mbili tu, na mimi ndiye niliyefunga mlango wa gari.

Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kulia, akinitazama usoni.

"We ni nani?" akaniuliza.